Ndoo yangu, maji yako

Jumamosi moja ya masika nilikuwa nimekaa ukumbini, mwanangu wa miaka minne mapajani, homa siku ya pili, niliposikia hodi ya bibi jirani. Ni mtu mzima, rika la bibi yangu mzaa mama, na nyumba zetu hapa Chake Chake zimetenganishwa na kichochoro ambacho mtu mnene hupita ubavu. Kwa kawaida hodi yake huja na kisahani cha kitu. Siku ile alishika kikombe cha plastiki.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Mtoto vipi?"

Nikamwambia bado anachemka. Akaniinamishia kikombe nione. Maji yalikuwa masafi kabisa, na ndani yake viluwiluwi kama ishirini vikipanda na kushuka kwa ule mpindo wao.

"Nimevichota kwenye ndoo, huko kichochoroni," akasema. "Ndoo yangu, maji yako."

Huu ni mwaka wangu wa tano kuandika habari za afya. Nimeshapanda pikipiki hadi Micheweni na Mkoani kuwauliza watu kama wanafunika mitungi na madumu yao. Nimeshaandika neno viluwiluwi mara nyingi kuliko jina la mama yangu. Lakini ngazi ya tangi langu mwenyewe sikuwahi kuipanda.

Tangi letu ni lile jeusi la plastiki, lita 1,000, limekaa juu ya mnara wa matofali nyuma ya jiko. Mtaani kwetu maji hutoka usiku, kwa hiyo hujaa sisi tumelala. Ndani mna boya la kufunga maji yakifika juu. Na kwa siku ambayo boya litagoma, pembeni kuna paipu ya ovaflo, kama mafundi wetu wanavyoiita, yaani ile ya kutolea maji yanayozidi. Boya letu liligoma zamani. Tulijua, maana kila usiku tulisikia maji yakimwagika kichochoroni, tukayazoea kama unavyozoea jogoo wa jirani. Bibi alifanya la maana kuliko sisi: aliweka ndoo chini ya matone, akawa anamwagilia mchicha wake. Masika yalipoingia, mchicha ukawa unamwagiliwa na mvua, ndoo ikasahauliwa pale. Mjukuu wake alipolala na homa, ndipo alipokwenda kuichungulia.

Kwa nini bibi huyu achungulie ndoo, wakati mimi msomi sikuchungulia? Marehemu mumewe alikuwa na tende la mguu. Watu wa umri wake hapa Pemba hawahitaji semina ya mbu. Anakumbuka vizuri mwaka 2001, Unguja na Pemba zilipoanza kumeza dawa za matende kwa pamoja, na anakumbuka pia habari za Makunduchi mwishoni mwa miaka ya 1980, ambako watafiti walimwaga kwenye mashimo ya vyoo yenye maji zile chembe nyeupe nyepesi, za jamii ya zinazojazwa kwenye maboksi ya televisheni. Chembe zikaelea zikafunika maji, mbu wakakosa pa kutagia. Aliniuliza kama tungeweza kuzimwaga kwenye tangi. Nikamwambia zile ni za shimo la choo, si za maji tunayopikia.

Mbu wa matende, anayependa maji machafu na kuuma usiku, siye niliyemhofia siku ile. Viluwiluwi kwenye maji masafi ya ndoo, mtaa wa mjini, vilinifanya nimfikirie mbu mweusi mwenye madoa meupe miguuni, anayeuma mchana watoto wakiwa wanacheza. Ndiye anayeeneza dengi, ile homa iliyolipuka Dar es Salaam mwaka 2014 na tena 2019. Chandarua kinamlinda mtoto anayelala mchana, lakini mwanangu mchana halali. Mchana yuko kichochoroni.

Tulikwenda kituo cha afya saa nne. Kipimo cha malaria kikatoka hasi. Kipimo cha dengi hakikuwepo siku hiyo, basi daktari akatufanya tuishi kama ni dengi mpaka ijulikane vinginevyo. Panado kwa uzito wa mtoto, vinywaji kwa wingi, na marufuku aspirini, diklofenaki na ibuprofeni, kwa sababu zinaweza kuongeza hatari ya kutokwa damu. Dawa ya kuua kirusi chenyewe haipo. Haya nilikuwa nimeyaandika mwenyewe, tena kwa vichwa vya habari. Nilimsikiliza kama mtu anayeyasikia mara ya kwanza.

Wazazi wenzangu, kuna jambo moja katika ugonjwa huu ambalo linakwenda kinyume na moyo wa mzazi. Homa ikishuka, sisi hushukuru na kwenda kulala. Katika dengi, saa 24 hadi 48 baada ya homa kushuka ndizo za kukesha. Maumivu makali ya tumbo, kutapika kusikokoma, damu kwenye fizi au puani, mtoto kulegea au kutotulia: ukiona mojawapo, usisubiri kuche. Mwanangu homa ilishuka siku ya tano, usiku. Mume wangu akasema alhamdulillahi, akalala. Mimi nilibaki nahesabu mikojo.

Nikiwa katika kukesha huko, mtoto amelala kifuani, simu mkononi mwangu wa kushoto, nilianza kutafuta namna ya kufunga ovaflo. Maana asubuhi ile ile ya kikombe, kabla ya kwenda hospitali, nilifunga kanga kiunoni nikapanda ngazi. Kifuniko kilikuwa kimeegeshwa. Paipu ya ovaflo ilikuwa tundu tupu la robo tatu ya inchi, bila wavu, mlango wa mbu usio na komeo. Nikamulika kwa tochi ya simu. Viluwiluwi vilikuwemo humo pia, pamoja na mjusi aliyekufa siku nyingi. Maji ya kunywa huwa tunachemsha. Hiyo ndiyo faraja pekee niliyoteremka nayo.

Utafutaji wangu uliniangusha kwa watu nisiowatarajia, wafugaji wa samaki wa matumbawe. Wako Marekani na Ulaya, wanaweka sebuleni hodhi la kioo lenye maji ya chumvi, matumbawe hai na samaki wa rangi, jamii ya wale unaowaona ukizamisha uso kwenye maji ya Misali. Chini ya hodhi kuna hodhi jingine la kuchujia. Pampu inapandisha maji juu mchana na usiku, nayo yanarudi chini kwa ovaflo. Ovaflo ikiziba, bahari inahamia kwenye zulia. Kwa hiyo jambo hili wameliwaza kuliko fundi yeyote niliyewahi kuzungumza naye. Mume wangu alipofumbua jicho nikamwonesha picha ya kangaja ndani ya kioo. "Huyo kwetu anaingia chunguni," akasema, akageuka upande wa pili.

Wengine kati yao hufunga paipu tatu. Ya kwanza inajaa maji tupu bila hewa, na ina koki ya kuipimia; ndiyo inayobeba karibu maji yote, tena kimya. Ya pili inapokea machache yanayobaki. Ya tatu mdomo wake uko juu kuliko zote na siku zote ni kavu. Haina kazi yoyote mpaka siku ile nyingine zitakapoziba. Niliisoma hiyo ya tatu mara mbili. Katika nyumba yetu hakuna kitu hata kimoja kilichokuwa kimewekwa kwa ajili ya siku ambayo kingine kitashindwa.

Koki yao sikuitaka. Hodhi la sebuleni linatazamwa kila saa, lakini tangi liko juu peke yake, na koki ukiiweka kwenye ovaflo, ipo siku mtu ataifunga kwa nia njema.

Jumatano mtoto alikunywa uji bakuli zima na kudai la pili. Alhamisi nikaita fundi.

Fundi wa kwanza alikuwa na falsafa. Inayoingiza ni robo tatu, basi inayotoa iwe robo tatu, kinachoingia ndicho kinachotoka. Inasikika vizuri sana, na ndivyo tulivyokuwa tumefungiwa tangu mwanzo. Lakini maji yanayoingia yanasukumwa na nguvu ya bomba la mtaani, na yanayotoka yanasukumwa na uzito wao tu, ule wa vidole viwili vya maji vilivyo juu ya mdomo wa paipu. Ndiyo maana kila boya lilipogoma, maji yalishindwa kutoka yote kwa ovaflo, yakapanda mpaka kwenye kifuniko. Tena tukitazama namba tunadanganyika. Paipu ya inchi 2 tunaiona kama mara mbili na ushei ya robo tatu, kumbe uwazi wa mdomo wake ni kama mara saba, kwa sababu upana unajizidisha wenyewe.

Alipoona sikubali, akapendekeza basi ovaflo tuiunganishe na paipu ya maji machafu ya bafuni, mambo yaishe, jirani asilowe. Hapo nikamshukuru, nikamlipa nauli yake. Ovaflo haiunganishwi na maji machafu hata kidogo. Siku shimo likijaa na kurudisha, hutaki njia yoyote iliyo wazi kati ya hapo na maji ya mtoto wako, na mende nao wanapanda paipu vizuri sana. Visiwa hivi vinakijua kipindupindu.

Fundi wa pili alikuja na mtaimbo. Sikumwelewa. Hakupanda juu, alizunguka mnara akichoma ardhi kwenye pembe zake. Upande wa jiko mtaimbo uligota. Upande wa kichochoroni, kule maji yalikokuwa yakimwagika usiku kwa usiku, ulizama kama kwenye wali. "Dada, lita elfu moja ni tani moja," akasema. "Na udongo huku chini unaondoka."

Nilitazama pale alipochoma. Palikuwa na kigari cha mwanangu cha makopo, na vifuu vitatu alivyopanga kuwa mafiga. Ndipo jikoni kwake. Kwa wiki nzima nilikuwa nimeogopa mbu.

Basi kazi ikaanzia chini. Tulimaliza maji yote, tangi likashushwa, msingi ukachimbwa na kujazwa zege upande ule. Tangi likiwa chini nililisugua mimi mwenyewe, kuta zote, kwa brashi na sabuni, kisha tukalisuuza kwa klorini. Kusugua kuna sababu: mbu huyu wa mchana hutaga mayai ukutani, juu kidogo ya maji, na mayai hayo huweza kukaa makavu kwa miezi yakisubiri maji yapande. Kumwaga maji bila kusugua ni kuwaahirisha tu. Ndoo ya bibi nayo niliisugua hivyo hivyo, yeye akinisimamia.

Kisha ovaflo. Tundu la zamani la robo tatu lilikuwa tayari chini ya mdomo wa boya, na fundi akatoboa jipya la inchi 2 vidole vitatu chini ya lile. Kukaa chini ya boya ni lazima. Mdomo unaoingiza maji ukizama ndani ya maji ya tangi, siku bomba la mtaani likikosa nguvu unaweza kuyavuta yakarudi nyuma, na mjusi wangu akawa wa mtaa mzima. Tundu kubwa likafungwa kiungo chenye nati na mipira ya kuzuia kuvuja, likatoka nje kwa kipande kifupi, likakunjwa kwa elbo kutazama chini ili mvua na mwanga visiingie. Chini yake, ukiacha nafasi ya kiganja, fundi alisimamisha paipu nyingine pana iliyo wazi juu, inayopokea maji na kuyashusha mpaka kwenye mabamia yetu, upande wetu. Ile nafasi ya kiganja aliipenda kuliko kitu kingine chochote. Kinachopanda kutoka chini, alisema, kitafika hapo kione hewa.

Ile robo tatu ya zamani hatukuitupa. Ndiyo paipu yangu kavu. Tuliipeleka mbele ya nyumba, ikamwage juu ya mlango, mahali ambapo hakuna mtu atakayeizoea. Haina uwezo wa kubeba maji yote, na hatukuiweka kwa ajili hiyo. Kazi yake ni kunilowesha.

Zote mbili tuliziziba kwa wavu. Na hapo nilikosea. Nilichukua wavu mwembamba, nikauvuta kwenye mdomo wa inchi 2 na kuufunga kwa waya, nikajiona fundi. Usiku tukafanya jaribio. Kwanza niliweka dumu la lita 20 chini ya bomba linaloingiza, likajaa kwa dakika moja na sekunde kumi, yaani kama lita 17 kwa dakika. Fanya hesabu hiyo na bomba lako, inafundisha. Kwetu maana yake tangi tupu hujaa kwa saa moja, na maji yakifunguliwa saa nane usiku mpaka saa kumi na moja alfajiri boya likiwa bovu, unajaza tangi moja na kumwaga mawili. Ndiyo hayo yaliyokula msingi wangu.

Kisha fundi akalifunga boya kwa kamba lisipande, tukaacha maji yajae. Yalipofika kwenye tundu kubwa yalianza kutoka vizuri, halafu yakapungua, kisha yakawa yanajikamua tu. Mume wangu aliyesimama mlangoni akapiga kelele. Wavu mwembamba wenyewe hupunguza njia, na vumbi la kutoboa plastiki lilikuwa limeujaza. Fundi akacheka. Akaenda kwenye pikipiki yake akarudi na ridyusa mpya, kile kiungo cha kutoka inchi 2 kwenda 4, akaifunga mwishoni mwa elbo kama bakuli lililopinduliwa, wavu akauvuta kwenye ule mdomo mpana. Wavu ni ule ule, maji ni yale yale, lakini sasa wavu una eneo mara nne. Tukajaribu tena kwa nusu saa. Mlangoni pakabaki pakavu.

Boya jipya ni la shaba, na sasa lipo siku yake: Ijumaa moja kila mwezi napanda na kuliinua kwa mkono nione kama linafunga, napiga brashi wavu, nafunga kifuniko. Gharama yote, ukiondoa zege, haikufika tulichotumia kwa teksi na vipimo wiki ile.

Sitawaambia kwamba tangi langu ndilo lililomlaza mwanangu, wala mjukuu wa bibi. Sina kipimo kinachosema hivyo, na kazi yangu hainiruhusu kusema nisichokuwa nacho. Kwa bibi nilikwenda kuomba radhi hata hivyo, na kisahani safari hii kilikuwa changu. Aliipokea radhi. Halafu akauliza mchicha wake atamwagilia na nini mvua ikikatika. Sikuwa na jibu la haraka. Tumekubaliana fundi atavuta mpira kutoka bomba letu la nje hadi kwake, wenye koki upande wake.

Wiki ya tatu, asubuhi bado mapema, hodi.

"Mwanangu, mlangoni kwako kunanyesha. Na kijana wako yuko nje."

Nilitoka mbio. Paipu kavu ilikuwa inadondosha, matone manene, moja baada ya jingine. Nilipopanda baadaye nilikuta chembe ya mchanga imelizuia boya lisifunge sawasawa, na nyigu wameusiliba wavu mkubwa kwa udongo, karibu wote, kazi safi kabisa. Lakini hayo ni ya baadaye. Mwanangu alikuwa amesimama chini ya matone, amelowa kichwa, ameshika kikombe cha plastiki ambacho bibi hakuwahi kukirudia. Kilikuwa kimejaa mpaka ukingoni.

"Mwaga," bibi akamwambia.

Akamwaga.